Chuo Kikitaka Ardhi Yako, Uliza Nani Amepima na Pesa Inalipwa Lini

Kila mara chuo kikuu hapa Uganda kinapotangaza kwamba kinataka kupanuka, maneno yanayoanza ni yale yale. Upande mmoja unasema elimu ni maendeleo na nani huyo anapinga maendeleo, upande mwingine unasema ardhi ni ya babu na haitoki, na kabla wiki haijaisha redio zote za FM zimejaa watu wanaobishana juu ya kitu kimoja tu, je kampasi ni matumizi ya umma ama siyo. Mimi nimefuatilia hizi kesi kwa muda na naona hilo swali, hata kama ni tamu kwa mabishano, ndipo mwenye ardhi anapomaliza nguvu zake bure. Kwenye swali hilo chuo kina nafasi kubwa sana ya kushinda mahakamani. Vita yenyewe iko kwingine kabisa, iko kwa nani amepima, nani amehesabiwa kuwa na haki, na pesa inalipwa siku gani, kabla ya tingatinga kuingia ama baada.

Nianzie mbali kidogo, New York, juu kesi ya huko inaonyesha hii kitu wazi sana. Chuo kikuu cha Columbia ni chuo binafsi, cha zamani, kilianza 1754, na kina pesa. Kampasi yake kuu iko Morningside Heights pale Manhattan na imebanwa kila upande, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 uongozi chini ya rais wa chuo Lee Bollinger ukaamua kwenda kaskazini kidogo, mtaa unaoitwa Manhattanville, Harlem ya magharibi, wachukue kama ekari 17 wajenge maabara na shule ya biashara na mengine mengi, mradi wa zaidi ya dola bilioni 6. Sasa mtaa ule haukuwa pori. Kulikuwa na gereji, maghala, karakana, vituo vya mafuta na watu wanaopanga nyumba. Columbia ikaanza kununua jengo moja baada ya lingine, wengi wakauza, na kesi ilipofika mahali pa moto chuo kilikuwa tayari kinashika sehemu kubwa sana ya eneo. Waliobaki ni wachache, jamaa mmoja mwenye maghala ya kukodisha watu waweke mizigo, na familia moja ya Kalasinga wenye vituo vya mafuta. Hao wakasema hapana, hatuuzi.

Chuo binafsi hakiwezi kumtoa mtu kwenye mali yake kwa nguvu. Serikali ya jimbo inaweza, kupitia shirika lake la maendeleo, Empire State Development Corporation, na sheria ya huko inaliruhusu shirika kutwaa eneo likishaandikwa rasmi kwamba limechakaa. Ili kuandika hivyo lazima uchunguzi ufanyike, na hapa ndipo kesi nzima ilipolala. Kampuni iliyopewa kazi ya kupima uchakavu wa mtaa, AKRF, ilikuwa ni kampuni hiyo hiyo inayoifanyia kazi Columbia kwenye mradi huo huo! Baada ya kelele wakaletwa wapimaji wengine, Earth Tech, nao wakatoa jibu lile lile, na 2008 shirika likatangaza kwamba mtaa umechakaa. Wenye mali wakaenda mahakamani wakaeleza kwamba mengi ya majengo yanayoitwa mabovu ni yale ambayo chuo chenyewe kilikuwa kimeshayanunua. Yaani jengo linanunuliwa, waliokuwa wakifanya biashara ndani wanahama, hakuna anayeziba paa wala kupaka rangi, miaka inapita, halafu anakuja mtu na kamera anapiga picha za nyufa na maji yanayovuja, na zile picha zinageuka sababu ya kumtoa jirani ambaye paa lake ni zima na biashara yake inaendelea kila siku.

Desemba 2009 mahakama ya rufaa ya ngazi ya kwanza, majaji 3 kwa 2, ikawapa ushindi wenye mali na ikaukemea ule uchunguzi kwa maneno makali. Ushindi ulidumu miezi sita na wiki tatu. Juni 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikapindua uamuzi, na sababu zake ndizo ninazotaka tuzishike vizuri, juu ndizo jaji yeyote mahali popote anaweza kuzitumia. Ilisema kwamba siyo kazi ya mahakama kuanza kuhesabu nyufa upya, kama shirika la serikali lina msingi wa maana wa kusema mtaa umechakaa basi mahakama inakaa kando, na ikasema pia kwamba chuo hata kama ni cha binafsi, elimu na utafiti ni shughuli yenye faida kwa umma. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza rufaa na mambo yakaishia hapo, leo ukienda Manhattanville utakuta jengo la maabara lililochorwa na Renzo Piano.

Na hata kule hawakuwa wakianza upya, miaka mitano kabla, 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshasema kwenye kesi ya mji wa New London, kwa kura 5 kwa 4, kwamba nyumba za watu zinaweza kutwaliwa kwa ajili ya mpango wa kukuza uchumi. Watu wakatolewa, na mradi wenyewe ukakwama, kiwanja kikakaa miaka na miaka kitupu kinaota majani. Hilo nalo lisisahaulike pale mtu anapokuambia kwamba ukitoka tu kesho jengo linaanza.

Somo ninaloliona mimi ni hili, wenye mali wa Manhattanville hawakushindwa kwa sababu walikosa wakili mzuri ama walikosa hoja. Walishindwa kwa sababu jambo lenyewe lilishaamuliwa mapema, kwenye ripoti ya mpimaji, na ripoti ikishakaa mezani jaji anaiheshimu. Tena angalia nani alipata kitu kule. Jamii ya Harlem ya magharibi iliyoketi na chuo wakaandikiana mkataba, 2009, ilitoka na ahadi ya dola milioni 150 za nyumba, shule na miradi ya mtaa, na hizo zilipatikana kwa kuketi na kushikilia, hazikutoka kwa jaji.

Sasa tuje kwetu Uganda. Watu wengi hawajui kwamba kwa maandishi mwenye ardhi wa hapa amekingwa vizuri kuliko yule wa New York. Katiba ya 1995 kwenye ibara ya 26 inasema hakuna mtu atakayenyang'anywa mali yake kwa lazima isipokuwa kama ni lazima kwa matumizi ya umma, ama ulinzi, usalama, utulivu, maadili au afya ya umma, na halafu inaongeza masharti mawili mazito, kwamba fidia iwe ya haki na ya kutosha na ilipwe haraka KABLA ardhi haijachukuliwa, na kwamba mtu yeyote mwenye haki kwenye hiyo mali aweze kwenda mahakamani. Neno kabla ndilo lenye uzito. Wamarekani wana fidia ya haki kwenye katiba yao lakini hawana hilo neno.

Na hatukuliandika kwa bahati. Sisi ni nchi iliyoona 1972, siku 90, Wahindi wamefukuzwa na maduka na nyumba zao zikagawiwa kama vile hazikuwa na mwenyewe, ikabidi miaka kumi baadaye Bunge litunge sheria ya kurudisha zile mali na mpaka leo kuna faili ambazo hazijafungwa. Ni nchi iliyoona pia 1975, Amin akatoa amri kwamba ardhi yote ni ya serikali, mwenye mailo, ile ardhi ya hati ya kudumu ya huko Buganda, akalala na hati akaamka mpangaji. Waliokaa kuandika katiba walikuwa watu waliopitia hayo yote. Ndiyo maana ibara ya 237 ikasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, siyo ya serikali, kwa mifumo minne, ya kimila, frihodi (umiliki wa kudumu), mailo na lisi (ya kukodi kwa miaka).

Tatizo ni kwamba sheria ya kutwaa ardhi tunayoitumia ni ya 1965. Hiyo ilimruhusu ofisa wa serikali, waziri akishatangaza, aingie kwenye ardhi na hesabu za pesa zifuate nyuma. Miaka ishirini baada ya katiba watu walikuwa bado wanafanyiwa hivyo, mpaka ikafika ile kesi ya barabara ya Hoima kwenda Kaiso-Tonya, wananchi wakaishtaki UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara za taifa, na Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba kile kifungu cha 1965 kinagongana na katiba, huwezi kuchukua kabla ya kulipa. Mimi naona huo ni uamuzi mkubwa kuliko vile watu wanavyouchukulia, kila mwenye kibanja jirani na chuo, yaani mtu anayekaa na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine, angepaswa kuujua kama anavyojua namba ya simu ya mwenyekiti wake wa LC1, baraza la kijiji.

Halafu angalia kilichofuata. 2017 serikali ikaleta mswada wa kubadilisha ibara ya 26, kwamba mtu akikataa kiasi alichopewa, serikali iweke ile pesa mahakamani, iingie, ugomvi uendelee nyuma ya tingatinga. Rais mwenyewe alizunguka redio za mikoani akieleza. Wananchi wakakataa, wabunge wakakataa, mswada ukafa. Lakini Desemba 2023, huko Hoima, Mahakama Kuu ikairuhusu serikali iweke mahakamani fidia ya familia 42 za Buliisa ambazo zilikuwa zimekataa kiasi walichopewa kwenye mradi wa mafuta wa Tilenga, na iendelee kuchukua ardhi. Kesi ilimalizika ndani ya siku chache tu, wakati sisi wengine tunajua kesi ya mpaka wa shamba inavyokaa miaka kumi. Kile kilichokataliwa kwa mlango wa Bunge kikapita kwa mlango wa mahakama. Leo ni mafuta, lakini sioni kitu kinachozuia wakili wa chuo kesho asimame na uamuzi ule ule mkononi aseme na sisi tuna mradi wa taifa, na hawa nao wamekataa pesa.

Ndiyo maana nasema usipoteze mwaka mzima ukibishana kama chuo ni umma. Chuo cha serikali kimeundwa kwa sheria ya 2001 ya vyuo vikuu, kinasomesha watoto wa nchi, jaji gani atasema hicho siyo cha umma? Kwa chuo binafsi hapo ndiyo kuna hoja, tena nzito, juu sheria ya 1965 inazungumzia ardhi inayohitajiwa na serikali, na chuo binafsi siyo serikali, kikitaka ardhi kije na pesa zake tukubaliane bei kama mnunuzi mwingine yeyote. Akitokea mtu na barua ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, akisema chuo binafsi kinapewa eneo lenu kwa sababu ya maendeleo, hapo ndipo pa kusimama na kukimbilia wakili siku hiyo hiyo. Ila kwa vyuo vya serikali, hoja zenye nguvu ziko chini zaidi, kwenye mambo ambayo hayaimbwi redioni.

La kwanza ni nani anahesabiwa. Chukua mama mwenye kibanja Buganda, ardhi ya mailo, mwenye hati ni mtu mwingine anayeishi mbali, huyu mama amekaa hapo tangu mume wake akiwa hai, ana migomba, ana vyumba vinne nyuma ya nyumba anapangisha wanafunzi. Chuo kikija na ramani kinaongea na mwenye hati. Wanakubaliana, wanapiga picha, gazeti linaandika kwamba chuo kimemaliza mgogoro na mwenye ardhi. Lakini kwa Sheria ya Ardhi ya 1998, mtu aliyekaa na kutumia ardhi miaka 12 ama zaidi kabla ya katiba kuanza kazi, yaani tangu 1983 ama nyuma ya hapo, bila mwenye hati kumsumbua, ana haki yake, na yule aliyeinunua ama kuirithi kutoka kwake naye analindwa. Huwezi kununua hati ukajifanya umenunua na watu waliomo. Ibara ya 26 haisemi mwenye hati, inasema mtu mwenye haki yoyote kwenye mali. Kwa hiyo makubaliano ya chuo na mwenye mailo ambayo hayakumgusa mwenye kibanja ni makubaliano nusu, na mimi ningependa mawakili wetu waliseme hili kwa sauti kubwa kuliko wanavyofanya.

Katanga pale Wandegeya, lile bonde kati ya Makerere na Mulago, ndiyo picha ya jambo hili. Familia zenye madai ya hati, chuo nacho na madai yake, na maelfu ya watu wanaoishi mle ndani kwenye vyumba vya mabati, wote wamekuwa wakivutana miaka na miaka. Kila upande una karatasi yake. Anayeumia kwa kusubiri ni yule asiyeweza kujenga choo cha kudumu kwa sababu hajui kama mwakani atakuwa hapo.

Kaskazini na mashariki mambo ni magumu kwa namna nyingine, huko ardhi ni ya kimila, ya ukoo, hati hakuna, mpaka ni mti ama kichuguu na kumbukumbu za wazee. Vyuo vipya vya serikali vingi vimekwenda huko, Gulu 2002, Busitema 2007, halafu Muni, Lira, Soroti, na ni jambo jema sana, mtoto wa Arua asilazimike kupanda basi usiku kucha kwenda Kampala ndiyo asome. Lakini fikiria Acholi, watu walikaa kambini miaka mingi kwa sababu ya vita, wakarudi wamekuta mti umekatwa, mzee aliyejua mpaka amefia kambini. Mahali kama hapo sevea, mpima ardhi, akija na mashine yake na karatasi ya zamani ya serikali inayosema hili lilikuwa shamba la wilaya ama ardhi ya taasisi, yule mwananchi ana kitu gani cha kumwonyesha zaidi ya makaburi? Na makaburi ni ushahidi, yaandikwe, yapigwe picha, siyo yahesabiwe tu kama kitu cha kuhamishwa na kulipiwa laki kadhaa.

La pili ni kupima, na hapa nataka tukae. Mthamini akija anakuja asubuhi na wenzake wawili watatu, wana fomu, wana rangi ya kuandika namba ukutani. Anahesabu: migomba, mibuni, miembe mikubwa na midogo, nyumba ya matofali ya kuchoma ama ya udongo, bati ama nyasi, choo. Mazao ya kudumu yanahesabiwa kwa bei za orodha ya Bodi ya Ardhi ya wilaya, na hiyo orodha inatakiwa kuhuishwa kila mwaka lakini kuna wilaya zinatumia ya zamani. Mahindi na maharage hayalipwi kama yanaweza kuvunwa ndani ya muda wa notisi. Nyumba za mjini zinapimwa kwa bei ya soko, za kijijini kwa gharama ya kujenga upya ukiondoa uchakavu, kwa hiyo nyumba yako ya miaka thelathini uliyoitunza vizuri inapewa bei ya nyumba iliyochoka, na kwa hiyo pesa huwezi kujenga nyingine kama hiyo popote. Halafu inaongezwa pesa ya usumbufu, asilimia 15, na ikiwa umepewa chini ya miezi sita kuondoka inakuwa asilimia 30. Wangapi wanajua hiyo 30? Mtu anapewa karatasi iliyoandikwa Kiingereza, anaambiwa weka dole gumba hapa, jumla iko chini, hajaonyeshwa mstari kwa mstari.

Na kuna ile tarehe ya kufunga hesabu. Wakishakuandika, wanakuambia kuanzia leo usijenge, usipande kitu cha kudumu, chochote kipya hakitalipwa. Hiyo ina sababu yake na siikatai, juu kuna watu wakisikia chuo kinakuja wanapanda mikaratusi usiku kucha na kumwaga misingi ya nyumba ambayo hakuna mtu ataishi, hao wanaharibu jina la wenye haki. Lakini ile tarehe ikishafungwa, pesa inakaa mwaka, miaka miwili, mitatu. Nyumba inavuja na wewe unaogopa kuikarabati. Watoto wamekua wanahitaji chumba. Mpangaji anahama kwa sababu amesikia mahali hapa pataondolewa. Na wakati huo huo, jambo ambalo linaniuma kuliko yote, bei ya ardhi jirani inapanda, kwa nini, kwa sababu imetangazwa kwamba chuo kinakuja! Mtu anakuja kulipwa kwa bei ya siku ya kuhesabiwa, anakwenda sokoni kwa bei ya leo, ekari moja yake imekuwa robo ekari. Hapo hakuna aliyevunja sheria waziwazi lakini yule mtu amenyang'anywa. Ibara ya 26 inaposema fidia ya kutosha mimi naisoma kwamba inatosha siku inapolipwa, siyo siku ilipoandikwa, na kama malipo yamechelewa basi uthamini urudiwe. Hii ingekuwa hoja yangu ya kwanza mahakamani, mbele ya hoja nyingine zote.

Tukumbuke pia vyuo vimefikaje hapa. Makerere ilianza 1922 na wanafunzi 14 wanaojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mashine, leo wamezidi 30,000 kwenye kilima kile kile. Miaka ya 1990 chuo kilipofungua mlango kwa wanaojilipia, vitanda vya mabweni havikutosha hata kidogo, na waliojaza pengo ni wenye ploti wa Kikoni, Wandegeya, Nakulabye, watu waliouza gari ama shamba la kijijini wakajenga hosteli ya ghorofa tatu na kuweka mlinzi getini. Mama wa chapati, mwenye duka la fotokopi, kijana wa boda anayejua kila hosteli kwa jina. Chuo chochote hapa nchini kingekuwa na shida kubwa bila watu wa aina hii. Kwa hiyo siku kampasi inapohitaji nafasi, hawa wasije wakaitwa wavamizi ama kizuizi, wamekuwa wakifanya kazi ya chuo kwa pesa zao wenyewe. Na hosteli inapopimwa, kinachohesabiwa ni kuta na bati, ile kodi ya kila muhula inayosomesha watoto wa mwenye hosteli haionekani vizuri kwenye fomu, na yule mama wa chapati haonekani kabisa.

Siyo kwamba vyuo havina haki. Kuna ardhi ya vyuo iliyovamiwa kweli, mtu anajua kabisa hii ni ya chuo anajenga ukuta usiku na kesho ana hati ambayo hakuna anayejua imetoka wapi, na tume ya uchunguzi wa ardhi ya Jaji Bamugemereire iliyoundwa 2016 ilisikia mengi sana kuhusu hati za aina hiyo. Mwanafunzi naye anasoma amesimama dirishani kwa sababu darasa la watu mia limewekwa mia tatu. Nataka vyuo vikue, nataka maabara zijengwe. Lakini nashindwa kuelewa inakuwaje taasisi yenye kitivo cha sheria, yenye walimu wanaofundisha uthamini wa ardhi, Makerere hata ina kituo cha haki za binadamu tangu miaka ya 1990, taasisi za aina hii zikifika kwa jirani yao zije na mgambo na barua ya siku 30. Ujuzi wa kufanya hii kazi vizuri uko ndani ya nyumba.

Tena pesa. Hapa ndipo wenye ardhi wanapaswa kuwa wakali mapema, na ndipo ambapo New York inatufundisha kwa njia ya kinyume. Kule chuo kilikuwa na pesa kibao, kilichogombaniwa ni haki ya kukataa. Hapa kwetu chuo cha serikali mara nyingi hakina pesa ya fidia kabisa, kinasubiri wizara ya fedha, wizara inasubiri bajeti, bajeti inakatwa, na mwananchi aliyeshaandikwa namba ukutani anakuwa ndiye anayemkopesha serikali bila riba. Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha ripoti bila pesa kuwepo, ile ripoti inaanza kuoza siku hiyo hiyo. Mimi ningesema kabisa kwamba chuo kisiruhusiwe kupeleka mthamini kwa mtu mpaka pesa iwe imeshatengwa kwa mwaka huo wa fedha, na hili halihitaji kubadilisha katiba, baraza la chuo linaweza kuliamua kesho asubuhi. Na mthamini wa pili, anayelipwa na fungu ambalo chuo hakiligusi, awepo kwa ajili ya upande wa wananchi, juu tumeona Manhattanville inavyokuwa pale anayepima anakula kwa yule anayetaka kununua.

Kwa hiyo chuo kikija kwenu, na katika miji inayokua kama Gulu, Arua, Mbarara na Soroti kitakuja, nendeni kwenye ule mkutano wa kwanza chini ya mwembe wote, mwenye hati na mwenye kibanja na mpangaji wa duka, msikubali kuitwa mmoja mmoja ofisini. Mwandikisheni kila mtu na mpige picha kila kaburi na kila mti kabla mgeni hajaandika. Ombeni fomu kwa lugha mnayoisoma. Halafu simameni muulize, mbele ya watu wote na mwenyekiti wa LC akiandika, pesa ya fidia iko kwenye bajeti ya mwaka gani, kiasi gani, na ikichelewa mwaka mmoja nani anarudi kupima upya kwa gharama ya nani. Majibu yaandikwe na yapigwe muhuri siku hiyo hiyo.